Mwaka Bosi Alipopiga Marufuku Utani

Mwezi uliopita Bwana Mfaume alimwoza binti yake wa mwisho, na sisi wa zamani wa kundi lake la matarumbeta tukaitwa wote. Ukumbi ulikuwa Kinondoni, ghorofani, viti vyake vimevishwa vitambaa na mafundo ya dhahabu hadi nikaona haya kukalia. Tuliwekwa meza moja, karibu na mlango wa jikoni, mahali pazuri kwa watu wanaopenda kula. Maganga alikuwa amekuja kwa basi kutoka Tabora, mvi zimemjaa, meno yamepungua, ila mdomo ni uleule. Kabla hajakaa alikwishamwambia mzee mmoja wa Kizaramo asiyemjua kwamba ile kanzu aliyovaa alimwazima yeye Maganga, na airudishe ikiwa imefuliwa. Vijana wa matarumbeta walipoingia wakipuliza mbele ya maharusi, mkono wangu ulianza kupiga meza bila kuniomba ruhusa. Dada aliyekaa kulia kwangu, mwenye duka la ushonaji huko Ukonga, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nina makundi matatu ya matarumbeta, nayaendesha mwenyewe. Akaacha kula kabisa. Akaniuliza nawezaje kuwaongoza wanaume wote hao, maana yeye mafundi wake wanne tu wanamtoa roho. Akisema jambo wanaitikia ndiyo, akigeuka kila mtu anafanya lake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau, na jibu langu lilikuwa refu kuliko harusi yenyewe. Nilimpa namba ya simu, nikarudi nyumbani usiku ule nikiwa sina usingizi hata kidogo, kwa furaha tu ya kukumbuka.

Sitaeleza nimezaliwa na nani wala nilifikaje Tandika. Hayo mama yangu ameyasimulia vya kutosha, na kila mara anaongeza chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, napiga ngoma ndogo ya vijiti katika kundi la Bwana Mfaume, mwanamke peke yangu kati ya wanaume sita, na nilijiona nimeshika dunia. Kundi lilikuwa linaishi, naweza kusema hivyo, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Matarumbeta yalitundikwa ukutani kwa misumari mirefu, ngoma kubwa ya Chande ilikaa pembeni imefunikwa khanga kuukuu ili isiingie vumbi, na chumba kizima kilinuka ndimu na majivu, vitu tulivyotumia kung'arishia shaba. Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi, mke wa bosi, Mama Zuwena, alitutandikia mkeka uani na kutuletea mihogo ya nazi na chai ya rangi yenye tangawizi kali ya kumfanya mtu alie. Pale uani, tukila kwa mikono na kugombea vipande vya muhogo vilivyoshika nazi, ndipo kazi yetu ilipopangwa. Sikujua wakati huo kwamba kile kilikuwa kikao. Mimi nilidhani tunakula.

Kikao chenyewe kiliendeshwa kwa matusi. Bwana Mfaume ni Mzaramo, Maganga ni Mnyamwezi, na kila mtu anayeishi mji huu anajua maana yake: ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakishuka pwani na misafara. Mtani haudhiki. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya mkeo na watoto wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Maganga alikuwa mpulizaji wetu mkuu, na kila Jumamosi alianza vivyo hivyo, akitafuna muhogo. Angesema kwa sauti kubwa kwamba huyu mtumwa wake Mfaume amewaahidi watu wa Mtoni tutafika saa nane, na gari alilokodi lina tairi lililochoka kama yeye. Bwana Mfaume angerudisha kwamba Wanyamwezi walitembea kwa miguu hadi pwani wakibeba meno ya tembo kichwani, sasa tairi la nini. Tungecheka mpaka chai ipite puani. Kisha, bila mtu kumwona, Bwana Mfaume angeinuka aende nje kutazama tairi. Nimewahi kumwona akibadilisha gari zima kwa sababu ya mzaha mmoja wa Maganga. Sisi wengine tukiwa na jambo la kumwambia bosi, tulimnong'oneza Maganga, naye alilipaka utani na kulifikisha.

Mwaka ule bahati ilianza kutuchungulia. Kulikuwa na mama mmoja mwenye ukumbi mkubwa Sinza, sisi tukimwita Mama Ukumbi, na alikuwa anatafuta kundi moja la matarumbeta ambalo angeliita kila wiki kwenye harusi za pale kwake. Sinza kwa harusi si mchezo. Jumamosi moja inaweza kuwa na shughuli tatu katika mtaa mmoja. Alitutaka tuje kwenye harusi moja atutazame. Bwana Mfaume akatukalisha uani akasema kwamba tukiipata kazi hiyo, kundi moja halitatosha. Ataongeza watu, atagawa mara mbili, na kundi la pili litakuwa na kiongozi wake. Akanitazama mimi. Akasema, "Hawa, la pili litakuwa lako." Chande akapiga mluzi. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima, lakini usiku ule nililala na ahadi ile kama mtoto aliyelala na nguo ya Idi kifuani. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, hata mume.

Ili awe tayari kwa mambo makubwa, Bwana Mfaume akaenda kwenye semina ya ujasiriamali. Sitaki nisikike ninaidharau semina. Mengi aliyorudi nayo nayatumia hadi leo. Alirudi na wazo la sare, tukaacha kwenda harusini kila mtu na shati lake. Alirudi na desturi ya kufika saa moja kabla ya saa ya mteja, na ya kumpigia mteja simu siku ya pili kuuliza kama ameridhika. Hayo ni dhahabu. Lakini alirudi pia na tai nyekundu, na neno Mkurugenzi, na imani kwamba kiongozi anayetaniwa na wafanyakazi wake hataheshimiwa na wateja. Sijui kama mkufunzi alisema hivyo, au alisema kiongozi aweke mipaka, naye Bwana Mfaume akajenga ukuta. Alituita uani, safari hii tumesimama wima, mihogo haipo, akatusomea kanuni mpya. Asiitwe tena kwa jina. Wakati wa kazi mtu asimsemeshe Mkurugenzi mpaka aulizwe. Wapulizaji wakishaanza wasiache kupuliza mpaka yeye mwenyewe, aliyekaa mbele na dereva, atoe mkono dirishani. Na utani kazini ni marufuku.

Maganga akacheka, akidhani huo nao ni utani. Akasema hajawahi kuona mtumwa akimpa bwana wake kanuni. Bwana Mfaume hakucheka. Alimwambia Jumamosi ile abaki nyumbani, hatakwenda kazini. Hakuna aliyeamini mpaka gari lilipoondoka na kumwacha Maganga amesimama mlangoni na tarumbeta lake mkononi, kavaa sare yake mpya. Sote tulikuwa nyuma ya gari, tukamtazama akipungua. Jumamosi iliyofuata alirudi, akapuliza vizuri kama kawaida, na hakusema neno. Alimsalimia bosi kwa heshima, "Habari za asubuhi, Mkurugenzi," na ile heshima ilinitia ubaridi mgongoni.

Ndipo ulipokuja ukimya. Nyie mnaoendesha biashara ndogo, sikilizeni vizuri hapa, maana mimi kwa miezi kadhaa nilidhani ule ukimya ni maendeleo. Tulipendeza. Tulifika mapema. Hakuna aliyebishana na mwenzake juu ya wimbo. Bwana Mfaume alitembea akiwa amenyoosha shingo, na wateja walimwita Mkurugenzi kweli. Ila tairi lilipasuka Mbagala, tukafika harusini tukiwa tumejaa vumbi, na baadaye nikasikia kwamba watu watatu waliliona asubuhi limechoka. Siku nyingine tulikwenda kwenye sherehe ya walokole tukapiga nyimbo za vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukata viuno, kwa sababu bosi alisema tupige hizo, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia angalia mabango ukutani. Sisi tulipiga. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa na kundi lilikuwa linaoza.

Nilichelewa kuondoka jioni moja, nikiwa chumba cha mbele nang'arisha vyuma vya ngoma yangu, nikawasikia Bwana Mfaume na mkewe wakizungumza chumbani. Ukuta ule haukufika darini, ungeweza kusikia mtu akimeza mate. Mama Zuwena alikuwa anamwambia kwamba amepika mihogo wiki mbili ikabaki, watu wanakula kimoja kimoja na kuinuka. Bwana Mfaume akasema hiyo ndiyo nidhamu. Mama Zuwena akasema taratibu, "Nyumba imekuwa kama ya msiba, Mfaume. Na mie sijui aliyekufa ni nani." Bosi akamjibu kwamba mwanamke hawezi kuelewa biashara, na mimi kwenye chumba cha mbele nilikunja ndita mpaka kichwa kikauma, maana biashara ile ilikuwa inakula muhogo wake.

Siku ya Mama Ukumbi ikafika. Bibi harusi alikuwa wa Vingunguti. Tulipaswa kumchukua kwao na kumsindikiza hadi Sinza, ukumbini, ambako Mama Ukumbi angekuwa anatusubiri kututazama. Wote tulijua kwamba siku ile ndiyo itakayoamua. Mimi sikula tangu asubuhi. Gari lilikuwa wazi nyuma, Maganga amesimama mbele kabisa akiwa ameegemea paa la dereva, mimi nimekaa nikitazama nyuma na ngoma yangu mapajani. Kama ilivyo kawaida, tulipoingia mtaa wa bibi harusi tukaanza kupuliza ili watu wajue tumefika. Watoto wakatoka mbio. Tulikuwa tunapiga vizuri, najua tulipiga vizuri, nilisikia ngoma ya Chande ikinipanda kutoka kwenye bati la gari mpaka kwenye meno. Kisha nikaona watoto wameacha kukimbia. Mmoja ameziba mdomo kwa mkono. Gari likapiga kona, na ubavuni mwetu, karibu niweze kuligusa, nikaliona turubai la msiba, na wanaume wameketi kwenye majamvi na kofia zao, wanatutazama.

Tulikuwa tumepita na matarumbeta mbele ya maiti ambayo haijazikwa. Hakuna mtu wa mji huu asiyejua kwamba hilo halifanywi. Hata muuza kanda anayepita na spika lake huzima akiona turubai. Vijana walilizunguka gari kabla dereva hajaongeza mwendo. Mmoja alipanda gurudumu akamkamata Maganga shati, akipiga kelele kwamba Mzee Pazi bado yumo ndani na sisi tunampigia tarumbeta, tumetumwa na nani. Bwana Mfaume akashuka. Yeye alikuwa ameinamia simu njia nzima, akizungumza na Mama Ukumbi, hakuona chochote. Alirekebisha tai yake akaanza, "Ndugu zangu, kwa niaba ya uongozi wa kampuni," na hakumaliza, kwa sababu kandambili ilitoka nyuma ya watu ikampiga kifuani. Aligeuka, akamtazama Maganga juu ya gari.

"Uliliona lile turubai?"

"Nililiona tangu kwenye kona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikataza."

Mpaka leo sijaamua nilimkasirikia nani zaidi pale, aliyefunga mdomo wa mwenzake au aliyekubali kuufunga hadi tukafika mbele ya maiti. Nilitamani niwapige wote wawili kwa vijiti vyangu. Kundi langu la pili lilikuwa linafia Vingunguti, mchana kweupe. Lakini Maganga alikuwa amelisikia lile jina, Pazi, na nikaona uso wake ukibadilika. Pazi ni jina la Kizaramo lisilo na shaka. Aliutoa mkono wa yule kijana kwenye shati lake taratibu, akanikabidhi tarumbeta, akavua viatu, akaruka chini. Kisha akaweka mikono kichwani na kuangua kilio ambacho nadhani kilisikika hadi kwenye machinjio ya Vingunguti.

"Pazi! Pazi we! Nani kakupa ruhusa ya kufa? Mtumwa wangu unakufa bila kuniaga?"

Vijana wakabaki wameduwaa. Mzee mmoja kwenye jamvi, aliyeonekana ndiye mkubwa wa msiba, akainua kichwa akauliza huyu ni nani. Maganga akasema yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, bwana wa watu wote waliokaa pale. Amesikia kwamba Mzaramo amekufa, akaona ni uongo, kwa sababu anawajua watumwa wake. "Mzaramo akisikia ngoma, hata awe kwenye jeneza atalivunja atoke acheze," alisema, machozi ya uongo yanamtiririka. "Nikasema niende na matarumbeta nikampime. Haya, semeni nyie. Kanyanyuka?"

Yule mzee akageuka, akatazama mlango wa ndani alikolazwa marehemu.

"Hajanyanyuka," akasema yule mzee, sauti yake ikitetemeka.

"Basi kweli kafa. Lieni sasa."

Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, akijifuta kwa ncha ya kanzu, na kicheko kikaenda jamvi kwa jamvi mpaka kikaingia ndani kwa wanawake. Sauti ya mama mtu mzima, nadhani ndiye mjane, ikatoka dirishani ikisema mwacheni mtani aingie. Yule kijana aliyemkamata Maganga shati akamwokotea viatu vyake. Nimeona maajabu katika kazi hii, lakini sijawahi kuona hasira ya watu wengi ikigeuzwa vile na mtu mmoja asiye na chochote mkononi. Nilisimama juu ya gari nikiwa nimekumbatia tarumbeta la mtu, moyo unanienda mbio kwa furaha niliyoona haya kuionyesha pale msibani.

Ila mtani akishaingia hatoki. Mzee alimwambia wazi: kaburi bado linachimbwa, maziko ni baada ya alasiri, na mtani ndiye wa kushika jembe na kuwachekesha wafiwa mpaka mwisho. Maganga alijua hilo kabla hajaruka garini. Alimtazama Bwana Mfaume, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akamwita kwa jina lake la zamani. "Mtumwa, nenda kwenye harusi. Huyu nitamzika mie." Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, leo wewe useme." Akakunja suruali akaingia ndani.

Tulibeba vyombo vyetu mikononi tukatembea kimya kimya, gari likitufuata nyuma, hadi kwa bibi harusi, ambako baba yake alitupokea kwa aibu na maji ya kunywa. Bwana Mfaume alikaa ngazini, simu mkononi. Alisema tumpigie Mama Ukumbi tumwambie tumepata dharura, maana kundi bila mpulizaji mkuu ni kelele tu. Chande alitazama miguu yake. Wengine walitazama ukuta. Nilijua sote tunawaza jambo moja, kwa sababu sote tulikuwa tumesimuliwa kwamba kabla ya tumbo na tai, Mfaume wa Tandika ndiye aliyekuwa anapuliza, na Maganga alijifunza kwake. Na nilijua hakuna atakayelisema. Mimi si mtani wa bosi. Mimi ni Mzaramo mwenzake, mdogo kwake kwa miaka ya kunizaa, ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

"Bosi, vua koti," nikasema.

Alinyanyua macho.

"Tarumbeta hili halijipulizi. Vua koti, vua na hiyo tai, upande nyuma na sisi. Au hilo tumbo limemeza pumzi zote?"

Chande alikohoa, na kile kikohozi kikageuka kicheko, akajaribu kukizuia akashindwa. Bwana Mfaume akanitazama mimi, akamtazama Chande, akaitazama tai yake iliyokuwa bado na vumbi la kandambili. Akaivua. Akanyoosha mkono nikampa tarumbeta, akalifuta mdomo kwa shati lake jeupe, na kupanda gari kwa shida, tukimsukuma matakoni kama gunia la mkaa.

Sauti yake ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilipasuka. Tulikuwa tumeshafika barabara kubwa, mbali na msiba, magari ya harusi yanapiga honi nyuma yetu. Nikaanza kumpigia ngoma ndogo peke yangu, polepole, kama unavyomshika mtoto mkono anapojifunza kutembea. Ya tatu ikatoka. Ee Mola, ikatoka! Ilikuwa sauti nene, ya zamani, yenye mikwaruzo, si ile nyembamba ya Maganga, na ngoma ya Chande ikaipokea, na kufika Buguruni watu wa pembeni ya barabara walikuwa wameacha biashara zao wanacheza. Jasho lilimtoka bosi mpaka shati likabadilika rangi. Alipuliza amefumba macho. Tulipoingia Sinza, bibi harusi mwenyewe alishuka kwenye gari kabla ya wakati, akaanza kucheza juu ya lami na shela lake, na shangazi zake wakamfuata. Mama Ukumbi alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono imekunjwa, uso mkavu. Nikautazama mguu wake. Mguu ulikuwa unapiga chini. Baadaye aliuliza yule mpulizaji mnene ni nani, akasema turudi Jumamosi ijayo, na inayofuata, na yeye lazima awepo.

Watu wa umri wa Bwana Mfaume hawaombi radhi mbele ya vijana, na hakuomba. Tulipokutana uani baada ya siku hiyo, Mama Zuwena alikuwa amepika mihogo ya watu ishirini. Bosi akasema sare zinabaki, saa zinabaki, kumpigia mteja simu kunabaki, kanuni ya utani imefutwa. Maganga akadai faini ya kunyimwa kazi yake ya asili, akalipwa ile tai nyekundu, akaifunga kiunoni kuzuia suruali. Walitukanana mpaka chai ikapoa. Mwisho bosi akageuka akasema kundi la pili lianze, na kiongozi ni Hawa kama alivyoahidi, kwa kuwa ameshamwona akiongoza. Nilitaka kuruka. Nilichukua muhogo mwingine nikajifanya natafuna.

Sasa dada wa Ukonga, nikupe mwisho wa jibu lako, maana usidhani niliyaona yote yale nikawa nimeerevuka. Jumamosi ya kwanza ya kundi langu tulikuwa na harusi Mbagala. Nilikuwa na wanaume wanne, wapya watatu, na Chande aliyeazimwa kwangu ili anisaidie. Wote wakubwa kwangu. Niliwaamkia vizuri, kisha nikaogopa wasije wakanidharau, nikaamua kila kitu nikifanye mwenyewe. Nilimwambia kila mtu mahali pa kukaa. Nilichagua nyimbo peke yangu. Walipotaka kupakia vyombo nikawaambia waache, wapande tu garini, mimi mwenyewe nitapakia nihakikishe hakuna kinachoharibika. Wakapanda. Nikapakia, nikafunga mlango wa nyuma, tukaondoka, na kwa mara ya kwanza maishani nilikaa mbele na dereva. Nyuma walikuwa kimya. Ukimya ule ulinipendeza. Nilijiona nimeweza: wanaume wanne, hakuna anayebisha, gari linakwenda. Tukapita Mtoni. Tukakaribia Zakhiem, na ndipo ubaridi uliponipanda mgongoni, ule ule, nikaukumbuka ulikotoka.

Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka, nikaenda nyuma. Walinitazama kwa adabu kubwa, mikono mapajani.

Nikawaambia, "Kaka zangu, naombeni mniambie kitu kimoja tu. Kuna jambo nimekosea leo?"

Walitazamana. Mmoja alimpiga Chande kiwiko. Chande akajikuna kichwa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kiongozi, samahani sana," akasema. "Ngoma kubwa tumeiacha Tandika."

Nilitazama ndani ya gari. Tarumbeta, tarumbeta, tarumbeta, ngoma yangu ndogo, na katikati yao nafasi tupu ambayo mtu asiye kipofu angeiona tangu mlangoni. Chande alikuwa amekaa pembeni yake, vijiti vikubwa viwili mkononi, tayari kupiga hewa.

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu uani. Ulisema usisaidiwe."

Nilikaa chini pale kwenye vumbi la Zakhiem, kwenye sare yangu mpya, nikacheka mpaka nikashika mbavu, nao wakaanza kucheka kidogo kidogo, kwanza kwa woga, kisha kwa sauti. Nikamwambia dereva ageuze. Safari ile nilipanda nyuma, nikakaa palipo wazi, na kutoka Zakhiem hadi Tandika watu wale walinisema vibaya bila kupumzika, mmoja akimpokea mwenzake, na harusini tulichelewa, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.